Baiskeli ya tairi nene kwenye lami

Ndugu, umesema baiskeli yako ya tairi nene inakwenda raha mustarehe ufukweni Silversands, lakini ukishika lami ya Watamu inakuwa nzito na usukani unavuta upande. Hapo shida ni upepo mdogo ndani ya tairi. Psi (kipimo cha upepo wa tairi) 6 au 8 ni za mchangani. Kwenye lami jaza kama 20, ila usipite kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Ule mngurumo wa meno ya tairi kwenye lami hautaisha mpaka ununue tairi zisizo na meno, na bei yake si mchezo. Cheni isuuze kwa maji yasiyo na chumvi, uipake oili, chumvi ya bahari inaila. Usukani ukizidi kuvuta, fundi akague beringi kabla hujabanana na tuktuk mjini.