Maswali yenu: Pelham, mizinga na farasi

Wiki iliyopita nilimtaja John Pelham, kijana wa Alabama aliyeongoza mizinga ya farasi ya upande wa Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861–1865). Maswali yamemiminika, nimechagua haya.

Kwani mizinga mingine ilivutwa na nini, ng'ombe? Mbona hii tu ndiyo "ya farasi"?

Yote ilivutwa na farasi. Tofauti ni wapigaji. Kwenye mizinga ya kawaida walitembea kwa miguu, au waliparamia masanduku ya risasi mwendo ukizidi. Kwenye mizinga ya farasi kila mtu alikuwa na mnyama wake, kwa sababu kazi yao ilikuwa kwenda sambamba na askari wapanda farasi. Mzinga mmoja ulivutwa na farasi 6, wawili wawili, na waendeshaji 3 wamekaa juu ya wale wa kushoto. Wakifika, wapigaji wanashuka, wachache wanabaki kushika hatamu.

Mwalimu, marehemu babu alikuwa na gobore. Ni mtindo ule ule?

Ule ule wa kushindilia kupitia mdomoni, ila hili gobore lina magurudumu na linahitaji watu kadhaa. Mmoja anapangusa ndani kwa sifongo yenye maji kuzima cheche zilizobaki. Akizembea, baruti mpya inamlipukia anayeshindilia. Mwingine anaziba tundu la nyuma kwa kidole gumba kilichovikwa ngozi. Kisha mfuko wa baruti unatobolewa kwa sindano ndefu kupitia tundu hilo, kiwashio kinatiwa, kamba inavutwa. Mzinga unaruka nyuma, wanausukuma tena mahali pake. Wazoefu walipiga mara 2 au 3 kwa dakika. Adui akiwa karibu kabisa, walitia kopo la bati lililojaa goroli za chuma.

Huyo Pelham alifanya nini hasa hadi asifiwe hivyo?

Fredericksburg, Virginia, tarehe 13 Desemba 1862. Asubuhi ya ukungu, jeshi la Kaskazini linajipanga uwandani kushambulia. Pelham, meja wa miaka 24, anasogeza mzinga mmoja hadi ubavuni mwao na kuanza kuipiga kwa upande divisheni ya Meade, jenerali wa Kaskazini. Mzinga wa pili, uliotengenezwa Uingereza, ulimfuata ukaharibiwa mapema. Betri (vikosi vya mizinga) kadhaa za Kaskazini zikamgeukia. Yeye anapiga, anahama, watu wanalala chini, wanainuka, wanapiga tena. Jenerali Stuart, mkuu wa wapanda farasi wa Kusini, alimtumia ujumbe zaidi ya mara moja arudi, naye akang'ang'ania hadi risasi zilipokaribia kwisha. Mashambulizi yakachelewa takriban saa nzima, na divisheni nyingine ya Kaskazini, ya Doubleday, ikabaki kulinda ubavu badala ya kusonga mbele.

Jenerali Lee, mkuu wa jeshi la Kusini pale, aliyekuwa akitazama kutoka kilimani, alimsifu waziwazi. Mimi navutiwa zaidi na kule kuhama. Ushujaa wa kusimama pale pale ungemmaliza mapema.

Siku zisizo na vita afisa alifanya nini?

Alitafuta chakula cha farasi! Kipimo cha jeshi kilikuwa kama kilo 6 za majani makavu na 5 za nafaka kwa kila mnyama kwa siku. Mizinga 4 pamoja na magari yake ya risasi ilitaka farasi 48 wa kuvuta, yaani zaidi ya nusu tani kila siku, kabla hujawahesabu wale wa wapigaji. Ongeza kwato, hatamu zilizokatika na migongo yenye vidonda.

Pelham alipigania utumwa au hakuujua?

Aliujua tangu utotoni, baba yake alikuwa daktari mwenye watumwa. Mwaka 1861 aliacha chuo cha kijeshi cha West Point wiki chache kabla ya kuhitimu, akaenda kulitumikia taifa la Kusini, ambalo katiba yake ililinda utumwa. Wanaomsifu huliruka hili, nami sioni sababu ya kuliruka.

Kaskazini hawakuwa na mtu wa kumtaja?

Walikuwepo. John Tidball, afisa wa mizinga ya farasi, kwa mfano. Mwaka 1862 mpigaji wake mmoja alifariki, na adui alikuwa karibu mno kwa ile desturi ya kufyatua bunduki mara tatu kaburini. Akaamuru ipigwe tarumbeta ya kuzima taa. Hadi leo ndiyo inayopigwa kwenye mazishi ya askari wa Marekani.

Pelham alikufaje?

Kelly's Ford, Virginia, 17 Machi 1863. Siku hiyo hakuwa na kikosi chake kabisa. Aliposikia vita akaenda, akajiunga na wapanda farasi waliokuwa wakishambulia, kipande cha kombora kikampata kichwani. Kazi haikuwa yake. Cheo cha luteni kanali kilimfikia akiwa marehemu.

Aliacha mke?

Hakuoa. Husimuliwa kwamba wasichana watatu walivaa nguo za msiba kwa ajili yake, kila mmoja akijiona ndiye mchumba. Porojo za kambini hizo.