Baraza ya Bahari: Nanga, injini, na bado wakafa?

SWALI: Shikamoo mzee. Mwanangu amesoma habari za meli ya Kiingereza, Royal Charter, iliyovunjika mwaka 1859 ikitoka Australia na dhahabu. Ilikuwa ya chuma, ina injini na nanga, na ilivunjika mita chache tu kutoka nchi kavu. Basi mbona walikufa watu 450 hivi? Ni kweli walizamishwa na dhahabu walizojifunga viunoni? – Msomaji, Likoni

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo nchi kavu ndiyo iliyowaua.

Nahodha Thomas Taylor alikuwa amekaribia Liverpool baada ya miezi miwili ya safari kutoka Melbourne. Tarehe 25 Oktoba walikuwa wanapita kisiwa cha Anglesey, Wales, upepo ukivuma kutoka mashariki. Usiku ukageuka, ukavuma kutoka kaskazini na kuzidi nguvu, na ufuo ukawa ndiko chombo kinakosukumwa. Kusi likishika hapa kwetu, unaona mawimbi yanavyopasuka kwenye mwamba wa nje ya Nyali. Jahazi likinaswa kati ya upepo na mwamba ule, halina pa kwenda. Na injini yenyewe ilikuwa ya nguvu za farasi 200 tu, kwa meli ya tani zaidi ya 2,700. Iliwekwa kusaidia siku za shwari. Tegemeo lilikuwa matanga.

Wakatia nanga saa tano usiku. Mie nimefanya kazi miaka mingi kwenye tagi, boti ya kuvuta meli, pale bandari ya Kilindini, na nataka uuelewe mnyororo. Nanga haishiki kwa uzito wake peke yake. Ule mnyororo uliolala chini ya bahari ndio unaofanya ivutwe kwa ubavu, ikazidi kujichimbia. Wimbi kubwa likiipandisha omo, yaani mbele ya meli, mnyororo wote unanyanyuka, unakazika, unavutwa kwa kishindo. Ukiweka mkono juu yake unausikia ukitetema. Baharia mzoefu hujua kwa kiganja tu kwamba nanga inakokota. Ikiendelea hivyo saa baada ya saa, pete moja inashindwa. Mnyororo wa kwanza wa Royal Charter ulikatika saa saba na nusu usiku, wa pili kama saa moja baadaye. Milingoti waliikata ili upepo ukose pa kushika, wapi! Meli ikapanda fungu la mchanga, kisha maji yalipojaa yakaibeba hadi miambani, karibu na kijiji cha Moelfre.

Baharia mmoja wa Kimalta, Joseph Rogers, alijifunga kamba akaogelea hadi ufuoni katika maji yale. Kwa kamba hiyo wakatengeneza kiti cha kuvutia watu mmoja mmoja, na wanakijiji wakaingia majini kuwapokea. Waliokoka kama 40, wote wanaume. Hakuna mwanamke wala mtoto hata mmoja aliyefika nchi kavu.

Sasa dhahabu. Wapo walioifunga mwilini, na inasemekana baadhi yao iliwavuta chini. Lakini wengi waliuawa kwa kubamizwa kwenye miamba. Hadithi ya dhahabu inaniuma kila ninapoisikia, maana inawageuza marehemu kuwa wenye makosa. Wale walikuwa wachimbaji wanaorudi kwao na jasho lao. Na mtoto wa kubebwa, yeye alijifunga dhahabu gani?

Mwambie mwanao atafute pia habari za Robert FitzRoy, aliyekuwa mkuu wa idara ya hali ya hewa ya Uingereza. Dhoruba ile ilivunja vyombo 133. Kwa ajili ya msiba huo, tangu Februari 1861 akaanza kupeleka maonyo ya dhoruba bandarini kwa telegrafu, na huko wakapandisha mlingotini alama zenye umbo la koni na la pipa, ili mabaharia wazione kabla hawajang'oa nanga.