Mahamri, Mbaazi na Chai: Kipi Kinachokusumbua Tumbo?

Mtu akijaa tumbo baada ya kifungua kinywa, lawama huangukia mbaazi. Huenda ni kweli, lakini sinia la mahamri na mbaazi kwa chai ya maziwa lina washukiwa watatu.

Tuanze na maziwa, maana ndiyo yanayosahaulika. Yana sukari iitwayo laktosi, inayovunjwa kwenye utumbo mwembamba na kimeng'enya cha laktasi. Kwa wengi wetu kimeng'enya hicho hupungua baada ya utotoni. Sukari isiyovunjwa hushuka hadi utumbo mpana, bakteria wakaichachusha: tumbo linanguruma, linajaa gesi, mtu anaharisha, aghalabu nusu saa hadi saa mbili baada ya kunywa. Kuchemsha hakuiondoi, na maziwa ya ngamia yanayo pia. Glasi ya mililita 250 ina takriban gramu 12 za laktosi, kiasi ambacho wengi wenye tatizo hili hukivumilia wakinywa pamoja na chakula. Ndiyo maana kikombe cha kwanza hupita salama na cha tatu kikakulaza. Maziwa lala yana laktosi pungufu. Tui la nazi halina kabisa.

Sukari za mbaazi hakuna binadamu anayeweza kuzivunja mwenyewe. Loweka saa 8 hadi 12, mwaga maji yote, kisha chemsha kwa maji mapya. Ukipikia maji yale yale ya kulowekea, umezirudisha sufuriani.

Mahamri ni ngano, nayo huleta gesi kwa baadhi ya watu. Tafadhali usiiache kabla ya kupimwa damu kwa ugonjwa wa siliaki, ambapo kinga ya mwili huumiza utumbo mtu akila ngano: aliyekwisha kuacha ngano anaweza kuambiwa hana ugonjwa ilhali anao.

Kupima maziwa nyumbani ni rahisi. Wiki mbili kunywa chai ya strungi, kula mengine kama kawaida, na uandike daftarini saa, chakula, kiasi na dalili. Kisha asubuhi moja kunywa glasi ya maziwa peke yake, usubiri kwa muda wa saa nne. Ukibadilisha vyakula vitatu kwa mpigo hutajua kilichokusaidia.

Midomo ikivimba, upele ukitoka au kifua kikibana dakika chache baada ya kula, huo ni mzio, na mzio unaweza kuua. Usijaribu chochote nyumbani. Nenda hospitali haraka.

Jodari aliyekosa barafu huleta dalili zinazofanana nao: uso kuwaka, kichwa kuuma, ngozi kuwasha. Ni histamini, kemikali iliyotengenezwa na bakteria ndani ya samaki, na kukaanga hakuiondoi. Wako wanaoacha samaki miaka mingi kwa tukio moja kama hilo, na inasikitisha. Mweleze daktari samaki alikuwa gani na alikaa wapi kabla ya kupikwa.

Damu chooni, kukonda bila sababu au kuharisha kunakokuamsha usiku si mambo ya daftari. Yanahitaji daktari wiki hiyo hiyo.