Mji wenu haujageuka: angalia kwanza nani hakuja kupiga kura

Mkuu, umeuliza kwa nini mji wenu mdogo umekuwa ngome ya chama kimoja miaka nenda rudi, kisha safari hii pengo likapungua ghafla, na kama ndiyo dalili kwamba watu wamebadili mawazo. Nimekaa kituoni kama wakala wa chama katika chaguzi tatu, zote kwenye miji ya aina hiyo. Ninavyoona mimi, watu wenu hawajabadili mawazo. Wameacha kuja.

Achana na asilimia, shika kura zenyewe. Tuseme waliojiandikisha ni 900. Uchaguzi uliopita walifika 600: chama kikubwa 420, upinzani 180. Safari hii wamefika 400: kikubwa 230, upinzani 170. Kwa asilimia, upinzani umeruka kutoka 30 hadi 42.5, na mtaani watu watashangilia. Lakini hesabu vizuri: upinzani umepungukiwa kura 10! Kilichotokea ni kwamba watu 190 wa upande wa pili wamebaki nyumbani. Hao wamechoshwa na mgombea wao, au hawaoni haja ya kwenda kwa kuwa wanajua atashinda. Akija mgombea wanayempenda, wanarudi wote. Nimeona chama kikijipanga miaka mitano kwa furaha ya asilimia, kikaja kuangushwa vibaya kuliko mwanzo, na vijana waliojitolea wakavunjika moyo kabisa. Iliniuma sana, kwa sababu karatasi za matokeo zilikuwepo na hakuna aliyekaa kuzisoma.

Jambo la pili ni udogo wenyewe. Pale Dixville Notch, kijiji kidogo cha jimbo la New Hampshire huko Marekani, wanapiga kura ya urais usiku wa manane na kutangaza matokeo papo hapo. Mwaka 1960 Nixon alipata 9, Kennedy hakuambulia kitu. Mwaka 2008 Obama akapata 15 na McCain 6. Mwaka 2012 wakatoka 5 kwa 5, mwaka 2020 Biden akachukua zote 5, na mwaka 2024 wakafungana 3 kwa 3. Ukisoma hizo namba kama safari ya mawazo ya watu utapotea, maana hata idadi ya wapiga kura si ileile. Mahali pakiwa padogo hivyo, familia moja ikihama imehama na matokeo. Kwenu ni wengi zaidi, lakini ulizeni kwanza: mgodi umefungwa? Chuo kimefunguliwa? Vijana wameondoka?

Na huo ungome unatoka wapi? Wengi husema ni ujinga wa watu wa vijijini, na mimi sikubali hata kidogo. Mfaransa André Siegfried alichunguza magharibi mwa Ufaransa, na mwaka 1913 akaonyesha kwamba huko Vendée penye miamba ya graniti watu walielekea kulia, yaani kwa vyama vya kutetea mila na kanisa, penye mawe ya chokaa wakaelekea kushoto, kwa vyama vya kutaka mabadiliko. Si kwamba jiwe linapiga kura. Kwenye graniti nyumba zilitawanyika, ardhi ilikuwa ya mabwana wakubwa, na kanisa lilikuwa na nguvu. Kwenye chokaa watu walikaa pamoja vijijini wakiwa na vipande vyao vya ardhi. Kwa hiyo tazama ardhi ni ya nani, nani anatoa ajira, na watu wanakutana wapi kuongea. Mtu anayemtegemea jirani yake kwa kibarua hamkorofishi kwa ajili ya mgombea atakayeonekana mara moja kwa miaka mitano. Hiyo ni akili, si ujinga.

Hapo ndipo siri ya kura inapokuwa nyembamba. Kituo kimoja nilichosimamia, upinzani ulipata kura mbili tu. Matokeo yakabandikwa mlangoni, na kabla ya giza kuingia watu walikuwa wanatafuta hao wawili ni akina nani. Wakamtaja mama mmoja mtu mzima, kwa kuwa aliwahi kuonekana mkutanoni. Majirani wakaacha hata kuitikia salamu yake. Mimi nilikuwa na nakala ya daftari la wapiga kura, na kila aliyefika nilimwekea alama. Jina la mama huyo halikuwa na alama. Hakupiga kura kabisa siku ile. Nilikaa na jambo hilo siku mbili nikidhani si kazi yangu kulisema, kisha nikaenda kwake kumuuliza kama angependa niwaambie. Akanijibu: "Usiwaambie, mwanangu. Watauliza kwa nini sikwenda."

Basi mkuu, kabla ya kuandika kwamba mji umegeuka, tafuta karatasi za matokeo za chaguzi tatu zilizopita, kituo kwa kituo, uziweke sambamba na idadi ya waliojiandikisha. Ukishaona vituo ambavyo watu wamepungua, nenda ukakae na wasiokwenda. Nenda bila fulana ya chama, na usianze kwa kuwauliza wangempigia nani.