Kabla hujawafundisha kuchora, jifunze kusoma michoro yao

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa wanachuo wanaosomea ualimu wa sanaa na wakufunzi wao, nimechagua chache ambazo naona zinagusa wengi, zile zingine zinafanana nazo kwahiyo majibu yenu mtayaona humuhumu.

Mwalimu shikamoo. Niko mwaka wa 2 nasomea ualimu wa sanaa, kuchora niko vizuri tu, sura ya mtu naitoa mpaka watu wanashangaa. Nimepangiwa field kwa watoto wa miaka 5 hadi 7. Nikawachorea nyumba ubaoni waifuate, zikatoka ovyo, mwingine kachora mtu mkubwa kuliko nyumba, mwingine meza miguu imetawanyika pande nne. Mkufunzi alikuja kunikagua akaandika "mwanachuo hawafahamu wanafunzi wake". Mimi nawajua mpaka majina, sasa anamaanisha nini?

Marahaba. Nadhani mkufunzi wako aliziangalia zile karatasi za watoto akaona vitu ambavyo wewe umeviita ovyo, na ndo maana akaandika vile.

Chukua hiyo meza. Mtoto wa miaka 6 anajua meza ina miguu minne, ameizunguka, amepita chini yake, sasa akichora miguu miwili tu kama wewe unavyoiona ukiwa umekaa, kwake yeye hiyo meza haijakamilika, kwahiyo anaitoa yote minne nje, mmoja kila kona, na uso wa meza anaulaza kabisa ili vikombe vionekane. Huyo amefikiri sana! Na yule mtu mkubwa kuliko nyumba, mara nyingi ni mama au baba au mtoto mwenyewe, ukubwa hapo unafuata umuhimu. Utaona pia nyumba ambayo watu wa ndani wanaonekana kama vile ukuta haupo, maana mtoto anajua wamo ndani na anataka na wewe ujue. Halafu ikifika miaka 7 hivi unaanza kuona mstari wa ardhi chini ya karatasi, kila kitu kimesimama juu yake, na utepe wa bluu juu kabisa ndo mbingu, katikati peupe.

Haya yameshachunguzwa muda mrefu. Viktor Lowenfeld, mzaliwa wa Austria aliyeenda kufundisha Marekani, mwaka 1947 aliyapanga kwa hatua, kuanzia mikwaruzo ya miaka 2 hadi 4, halafu vichwa vyenye miguu na watu wa mwanzomwanzo miaka 4 hadi 7, halafu hiyo ya mstari wa ardhi miaka 7 hadi 9, halafu 9 hadi 12 mtoto anaanza kutaka vitu vifanane na vya kweli, na 12 hadi 14 anakuwa mkali kwelikweli kwa kazi yake mwenyewe. Hiyo miaka usiishike kama sheria, mtoto wa miaka 6 ambaye hajawahi kushika krayoni utamkuta anaanza na mikwaruzo na baada ya muda mfupi anawafikia wenzake, ukimpima kwa umri tu utasema ana tatizo wakati hana. Na kuna walimu walioona kabla yake kwamba mtoto ana njia yake ya kuchora, Franz Cižek alianzisha darasa la sanaa la watoto Vienna mwaka 1897 na aliwaacha wachore kutoka kichwani mwao badala ya kunakili.

Sasa ile nyumba yako ya ubaoni. Ukimchorea mtoto nyumba unamwambia bila kutaka kwamba nyumba sahihi ni hiyo na ya kwake ina kasoro, ataifuata yako, ataiharibu kwa sababu mkono wake haujafika huko, na kesho ukimwambia chora nyumba atakuuliza "mwalimu tuchoree kwanza". Mimi hili nalichukulia kwa uzito sana, mwalimu anayechora ubaoni ili watoto wanakili anawanyang'anya kazi ya kufikiri.

Jaribu hivi. Badala ya kuanza na picha anza na mwili wao. Waambie wasimame, wajifanye wanapiga mswaki, uliza mkono umeinuka mpaka wapi, kiwiko kimekunjika? mdomo uko wazi kiasi gani, meno yanaonekana, mswaki umeushika kwa vidole vingapi. Wakikaa wagawie karatasi waambie "haya, kila mmoja ajichore anapiga mswaki", usiseme zaidi. Mtoto ambaye jana alimchora mtu mwenye mikono mifupi ya vijiti utaona leo mkono umerefuka mpaka unafika mdomoni, na meno yametokea, yote yamechorwa moja moja. Hujamfundisha mkono wala meno, umemkumbusha tu kitu anachokijua.

Na ukipita kwenye madawati usishike karatasi ya mtoto, hata kidogo, hata kama amekuomba. Kama lazima umwonyeshe kitu chukua kipande kingine cha karatasi, onyesha, halafu kiondoe. Usimuulize "hii ni nini?" maana wakati mwingine sio kitu, ni raha ya kuzungusha mkono, na usimalizie kila mara na "vizuri sana" maana baada ya wiki hilo neno halina maana kwa mtu yeyote. Sema unachokiona, "naona huu mstari umeuzungusha mpaka ukingoni, nielezee". Atakuelezea mpaka kengele ilie.

Ukirudi chuo omba ruhusa kwa wazazi na shule ukusanye michoro ya mtoto mmoja kwa muhula mzima, nyuma ya kila karatasi andika tarehe, umri wake kwa miaka na miezi, na maneno aliyosema akiwa anachora, jina lake lifiche. Usiandike "mzuri" wala "mbaya". Halafu zipange sakafuni kwa mpangilio wa tarehe uzitazame zote kwa pamoja. Hiyo kazi moja itakufundisha kuliko notisi nyingi, na nikipewa nafasi ya kupanga mtaala wa chuo ningeiweka mwaka wa 1 kabla hata hamjaanza kuandika andalio la somo.

Mimi ni mkufunzi. Wanachuo wangu watoto wadogo wanawaweza ila wakipelekwa kwa vijana wa miaka 13 hadi 16 wanarudi wamevunjika moyo. Wanasema kijana anaweka penseli chini anakwambia "mimi sijui kuchora" na hakuna cha kumfanya. Niwaandaeje?

Mkufunzi mwenzangu, hapa ndo pagumu na nashukuru umeuliza. Kinachotokea ni kwamba jicho la kijana limekua haraka kuliko mkono wake, anaona kabisa kwamba pua aliyochora sio pua, anafuta, anachora tena, anafuta, mpaka karatasi inatoboka hapo kwenye pua, na kwa kuwa wenzake wako pembeni wanaangalia basi heri aseme hajui kuliko aonekane ameshindwa. Mwanachuo akisikia "sijui kuchora" anadhani ni uvivu au dharau, anaanza kumbembeleza au kumgombeza, vyote havisaidii.

Kijana wa umri huu anahitaji kufundishwa ufundi waziwazi. Yale tuliyosema hapo juu ya kumwacha mtoto mdogo achore kwa njia yake huku hayatoshi, na wanachuo wengi wanachanganya, wanaambiwa "ubunifu huru" wanaubeba mpaka darasa la vijana, wanawaambia "chora chochote unachotaka" halafu wanashangaa darasa limekaa tu. Kijana anataka ajue kivuli kinawekwaje, barabara inapungua vipi ikienda mbali, kwanini macho yako katikati ya kichwa na sio juu kama wengi wanavyoyaweka. Hili la macho peke yake, mwambie apime kwa penseli usoni kwa mwenzake, kutoka kidevuni mpaka machoni na kutoka machoni mpaka utosini, akikuta ni karibu sawa utaona anavyoshtuka, na sura yake inayofuata itabadilika hapohapo.

Zoezi lingine ambalo wanachuo wafanye wenyewe kwanza ndo wakafundishe: weka kiti juu ya meza, waambie wasichore kiti, wachore zile nafasi tupu, kati ya miguu, chini ya kiti, kwenye mwegemeo, kila nafasi kama umbo lake. Aliyesema hajui kuchora anajikuta amepata kiti, kwa sababu kiti anakijua na kile anachokijua ndo kilikuwa kinamdanganya, ila nafasi tupu haijui kwahiyo analazimika kuitazama.

Afu penseli isiwe mlango pekee. Kolaji (kubandika vipande vya karatasi na picha), udongo, kuchapa kwa kuchonga, picha za simu, herufi kubwa za mabango, wapo vijana ambao mkono wao uko kwenye udongo na hawajawahi kupewa. Na siku nyingine msichore kabisa, tazameni picha moja kwa muda mrefu. Philip Yenawine aliyekuwa anaongoza elimu kwenye makumbusho ya sanaa ya kisasa ya MoMA, New York, pamoja na mwanasaikolojia Abigail Housen walitengeneza njia ya maswali matatu tu: kuna nini kinaendelea kwenye hii picha, umeona nini mpaka ukasema hivo, na kuna nini kingine tunaweza kukiona. Mwalimu hatoi jibu, anarudia alichosema kijana kwa maneno mengine na kunyooshea kidole sehemu aliyoitaja. Ni rahisi kusikia ila mwanachuo akijaribu utaona shida yake, anajua jina la mchoraji na mwaka na anaungua kutaka kusema, sasa kujizuia huko ndo kwa kufanyia mazoezi.

Kuhusu mazoezi yenyewe, ile njia iliyoanzia chuo cha Stanford miaka ya 1960, ya kufundisha somo fupi la dakika 5 hadi 10 mbele ya kikundi kidogo, mnarekodi, mnatazama, anarudia, bado inafaa sana. Ila tatizo letu ni kwamba wanaojifanya wanafunzi ni wanachuo wenzake, watu wazima, wanatii, wanamsaidia. Tafuteni njia ya kupata vijana wa kweli hata wachache mje nao chuoni, na kabla ya hapo mpe mwanachuo mmoja kazi ya kukataa, aweke penseli chini aseme "sijui kuchora" na asikubali kirahisi. Mwenye kufundisha ajifunze kukaa pembeni yake kwa utulivu na kumuuliza "sehemu gani imekukasirisha?" maana kijana huwa anajua sehemu, atakuonyesha, na hapo mna kitu cha kufanyia kazi. Na waambie kabisa, kazi ya kijana haiinuliwi mbele ya darasa bila kumuuliza kwanza, hata kama ni ya kusifiwa.

Mwalimu, maksi za sanaa zinatolewaje kwa haki? Kuna mwenye kipaji na kuna asiye nacho.

Kipaji usikipe maksi, hukukifundisha wewe. Pima kile ulichofundisha, na wakijue kabla hawajaanza: kama somo lilikuwa mwanga na kivuli basi tazama kama mwanga unatoka upande mmoja, basi. Omba pia karatasi za majaribio, kijana aliyejaribu mpangilio wa aina tatu na kuchagua mmoja kwa sababu anayoweza kuieleza amefanya kazi kubwa kuliko aliyetoa picha safi kwa mazoea. Watoto wadogo usiwape namba kabisa, weka kumbukumbu ya maneno.

Ni lazima niendelee na kazi zangu za sanaa nikiwa mwalimu? Muda hakuna.

Endelea, hata kidaftari kidogo cha michoro ya haraka. Mwalimu ambaye hajashika rangi muda mrefu anasahau jinsi inavyotisha karatasi nyeupe ikiwa mbele yako, na wanafunzi wake wanakutana nayo kila kipindi.

Shikamoo mwalimu. Andalio langu la somo ni zuri ila kipindi cha dakika 40 kinaisha watoto ndo kwanza wanagawiwa rangi, na darasa naliacha chafu mpaka walimu wengine wananuna. Nisaidie.

Marahaba mwanangu, hili vyuo vinalipita haraka na ndo linaloamua kama kipindi kitakuwepo au la. Fanya kazi yote mwenyewe nyumbani kwa vifaa vilevile watakavyotumia watoto, brashi ileile na karatasi ileile, na kaa kwenye kiti chao kama unaweza, utagundua mapema kwamba gundi haikauki kwa wakati au karatasi nyepesi inalowa na kuchanika. Vifaa viwe vimeshapangwa kwa trei kabla hawajaingia, mtoto mmoja kwa kila meza ndo anayechukua, na maelekezo toa kabla rangi haijafika mezani maana ikishafika hakuna anayekusikiliza tena. Dakika 10 za mwisho ni za kusafisha, ziandike kwenye andalio kabisa, na waosha brashi wawe wanajulikana.

Usalama pia uusome vizuri. Rangi za kitaalamu baadhi zina madini yenye sumu kama kadimiamu au madini ya risasi, hizo ni za kwako nyumbani, watoto watumie zilizotengenezwa kwa ajili yao. Udongo wa mfinyanzi ukikauka vumbi lake lina madini ya silika yanayodhuru mapafu, kwahiyo meza na sakafu usifagie, futa kwa kitambaa kilicholowa kabla udongo haujakauka. Mikasi iwe ya ncha butu kwa wadogo, na weka michache ya mkono wa kushoto, kuna mtoto kila mara anaonekana hajui kukata kumbe mkasi ndo haumfai.