Yurea iliyobaki shambani usiiwekee hesabu ya msimu ujao

Huku Bumbwisudi, Unguja, tunaolima tungule na mchicha tuna kauli yetu tukishavuna: "Pahala hapa pana mbolea bado, nikirudi kupanda sitii kitu." Kwa samadi sina ubishi. Kwa yurea, hii mbolea nyeupe ya dukani, Masika yakishapita hapo katikati, basi tena.

Polo la kilo 50 la yurea lina kilo 23 za naitrojeni, ndiyo chakula chenyewe cha mmea. Ukiimwaga juu juu kwenye udongo wenye unyevu na jua likawaka, sehemu yake hugeuka gesi ya amonia ikaruka ndani ya siku chache. Inayosalimika, bakteria wa udongoni huigeuza naitreti. Mmea unaipenda sana hiyo, ila udongo hauwezi kuizuia: chembe za udongo zina chaji hasi na naitreti nayo ni hasi, zinasukumana. Maji yakiteremka, inateremka nayo.

Wenzetu wa maweni, upande wa Makunduchi na Paje, ndio wa kujihadhari zaidi. Udongo wenyewe haba, chini yake jiwe limejaa mianya, na maji ya kunywa yanatoka humo humo chini. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za naitreti kwa lita. Hatari kubwa ni kwa mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo, na kuyachemsha maji hakusaidii. Yanapungua, naitreti inabaki pale pale.

Mabonde ya mpunga kama Cheju yana lao. Maji yakituama hewa hukosekana, na bakteria wengine huibadili naitreti kuwa gesi. Nyingi yake haina madhara, lakini iko naitrasi oksaidi, ambayo uzito kwa uzito huipasha dunia joto takriban mara 270 kuliko kaboni dayoksaidi. Pesa yako imeruka, na hewa umeichafua.

Mimi kwenye tungule natia kwa kifuniko cha soda, kimoja kwa kishimo, umbali wa shubiri moja na shina, kisha nafukia kwa mguu. Nagawa: kidogo mche ukishashika, kidogo ukianza maua. Wingu likiwa zito, polo linabaki ndani hata kama kibarua keshafika na anataka ujira wake (tutafute palizi afanye).

Naitrojeni ya kubakia kweli ni ile iliyokwishaingia kwenye majani na mizizi, ndiyo maana wanaochoma mabua wananiudhi. Kwa hiyo tungule zikimalizika usiliache tuta tupu likingoje mvua. Tia mahindi mapema, yainyonye iliyobaki kabla Masika hayajakolea. Kunde hapo si pahala pake: zikikuta naitrojeni tele, zinazembea kujitengenezea yake. Zipeleke kwenye tuta lililochoka.