Jibu: Mhusika wangu mchuuzi wa dagaa mbona hana uhai?

Dada, umeuliza kwa nini mchuuzi wako wa dagaa pale Kibirizi, Kigoma, anasomeka kama kinyago ilhali umemwandikia wasifu wa kurasa 3. Wasifu unaeleza alivyo. Hausemi leo asubuhi anataka nini. Mpe haja moja ndogo yenye muda: alipe deni la mzigo kabla ya Ijumaa. Kisha mbane. Mbalamwezi ikiwaka, wavuvi wanaovutia dagaa kwa taa hupumzika, dagaa wanaadimika na deni liko palepale. Atafanya nini? Atachanganya dagaa waliopigwa mvua na wakavu wazuri? Atazunguka njia ya mtaa wa Mwanga kumkwepa mdai? Hapo ndipo tabia inapoonekana, si kwenye "alikuwa mwanamke jasiri". Hiyo sentensi ifute.

Halafu mikono. Andika nusu ukurasa ambao hautaingia kwenye hadithi, yeye akipima kopo tu. Anajaza mpaka kilele au anasawazisha kwa kiganja? Nani anaongezewa, nani anapunjwa? Kwangu mimi kopo hilo lina habari kuliko wasifu wote.

Mazungumzo yasome kwa sauti huku umeziba majina. Usipojua nani kasema nini, wote wanaongea kwa mdomo wako.

Na usimdekeze. Ukimpenda sana utamtafutia mjomba wa kumlipia deni ukurasa wa 2, na msomaji hana tena sababu ya kufungua wa 3. Mwache adanganye, agunduliwe sokoni mbele ya watu, ndipo uandike anarudije kesho yake.